Uzi: Samaki mkulima wa miamba yetu, na kwa nini si kila mla mwani ni msafishaji wa mwamba

MajiMafu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleykum, na salamu njema kwa wote mlio jukwaani.

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikitembeza wageni kwenye miamba ya pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikiwaambia jambo ambalo leo naona lilikuwa nusu ya ukweli. Nilikuwa nikisema kwamba samaki wote wanaokula mwani ni wasafishaji wa mwamba: wao hula, mwamba hubaki mtupu, na mtoto wa tumbawe hupata mahali pa kujishika. Maneno hayo yanamfaa pono, yanamfaa kangaja (wa baharini, si yule wa mtini), na kwa kiasi fulani yanamfaa chafi. Lakini yupo samaki mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, asiyevutia macho ya mtu, ambaye hula mwani mchana kutwa, na hata hivyo pale anapokaa ndipo mwani unapokuwa mwingi kuliko mahali popote karibu yake. Uzi huu nimeufungua kwa ajili yake.

Ukitoka pwani maji yakiwa yamekupwa nusu, ukavuka majani ya bahari na kufika penye matumbawe ya matawi, tazama vizuri sehemu za chini za matawi hayo. Utakuta vipande ambavyo tumbawe limekufa na mahali pake pamevikwa zulia la mwani mwembamba kama sufi, lenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, la kimo kimoja kana kwamba limepitiwa na mkasi. Kipande kimoja ni kama msala wa kusalia, mara nyingi hakifiki mita moja ya mraba. Nyoosha kidole ukielekeze hapo bila kugusa, na mwenye shamba atatokea. Atakuja hadi mbele ya miwani yako, utasikia mlio mdogo kama wa kokoto mbili zinazogongana, na usipoondoka atakuuma. Nimeumwa vifundoni mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na mgeni mmoja, pande la mtu, aliwahi kurudi ngalawani akiapa kwamba ameshambuliwa na kitu kikubwa. Kitu hicho hakizidi sentimita 15.

Wataalamu wanamwita Stegastes nigricans. Mfaransa Lacepède ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika vitabu, mwaka 1802. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, na kwa kawaida hakai chini ya mita 12, kwa sababu mwani wake unahitaji jua. Ni wa ukoo mmoja na yule mdogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe anayejificha ndani ya anemoni, ukoo wenye aina karibu 400. Anaye ndugu mwingine hapa kwetu, mdogo kuliko yeye, mwenye vitone vya buluu vinavyong'aa juu ya mwili wa kahawia. Huyo jina lake la Kilatini linatokana na neno la machozi, na ukimwona utaelewa kwa nini. Yeye pia ana shamba.

Neno "shamba" silitumii kwa kupamba maneno. Samaki huyu ana mpaka, na anaujua. Ndani ya mpaka huo anaacha aina fulani ya mwani iote, na aina nyingine ikichipua anaing'oa kwa mdomo, anaibeba, anaitema nje ya mpaka. Watafiti wa Kijapani Hiroki Hata na Makoto Kato walimfuatilia kwa miaka kadhaa huko Okinawa, na wakakuta kwamba mashamba yake yana karibu aina moja tu ya mwani mwekundu wa nyuzi wa jenasi ya Polysiphonia. Mwaka 2006 walieleza kwamba mwani huo hawakuukuta mahali pengine popote nje ya mashamba hayo. Kwa maneno mengine, mkulima anautegemea mmea, na mmea unamtegemea mkulima.

Sababu ya kuchagua mwani huo iko mdomoni na tumboni mwake. Pono ana meno ya kooni yanayosaga hata jiwe. Baadhi ya kangaja wana tumbo nene la misuli linalosaga chakula pamoja na mchanga, kama firigisi ya kuku. Mkulima wetu hana kinu cha aina yoyote, wala hana vimeng'enya vya kuvunja kuta ngumu za mwani, kwa hiyo mwani wa kahawia wenye ngozi, au ule wenye chokaa, ukimwingia tumboni haumsaidii kitu. Anayeshindwa kusaga hana budi kulima kilicho laini.

Sasa swali langu kwenu. Ikiwa anafukuza pono na kangaja, akalea mwani juu ya tumbawe lililokufa, tumwite mlinzi wa mwamba au mharibifu wake? Ningependa kusikia kutoka kwa wavuvi, na kwa kila aliyewahi kumwona.

Mtu wa Bara

Ndugu MajiMafu, nimesoma kwa makini, ingawa mimi ni mtu wa Dodoma na bahari naijua kwa kuiona mara tatu tu maishani. Nina pingamizi moja. Mbuzi wangu akifungwa mahali pamoja, majani ya hapo hubaki mafupi na ya aina moja, yale yanayostahimili kuliwa, na ile miti asiyoipenda hufa kwa kukanyagwa. Je, mbuzi huyo ni mkulima? Ukulima nijuavyo mimi unahitaji kitu zaidi ya kula na kufukuza wengine. Naona kama watafiti wameona mabaki ya mlo wakayaita shamba.

MajiMafu

Mtu wa Bara, pingamizi lako ni zuri, na bahati nzuri Wajapani hao walilijaribu kwa vitendo.

Walimwondoa samaki na kuliacha shamba wazi. Haikuchukua siku nyingi, samaki wengine walao mwani wakaja na kulila shamba lote. Hilo peke yake lingekuunga mkono wewe, kwa sababu linaonyesha ulinzi tu. Kisha wakamwondoa samaki na kulizungushia shamba wavu, ili samaki hao walao mwani wasiingie. Kama kazi ya samaki ingekuwa kulinda pekee, mwani wake ungestawi ndani ya wavu. Haikuwa hivyo: aina nyingine za mwani, zile kubwa zinazochelewa kuota, ziliota juu ya ule mwekundu na kuufunika. Kumbe bila kupalilia, shamba linamezwa na magugu hata likiwa na ua. Mbuzi hapalilii. Hachukui gugu asilolila akalipeleka nje ya uzio.

Na wewe uliye bara unao mfano wa karibu kuliko wangu. Mchwa wa vichuguu hulima kuvu ndani ya kichuguu, na ule uyoga mkubwa mnaouchuma mvua zinapoanza ni tunda la shamba lake. Hakuna anayemuuliza mchwa kama ana nia.

Mtu wa Bara

Kwa mchwa umenishika. Nauliza la mwisho: watoto wa samaki huyu wanarithi shamba?

MajiMafu

Hawarithi, na hapo ndipo hadithi yake inapotofautiana na ya binadamu. Jike hutaga mayai yanayonata sakafuni mwa shamba la dume, na dume hubaki kuyalinda na kuyapepea kwa mapezi hadi yaanguliwe. Wakati huo hasira zake huongezeka mara dufu, na mimi huwapitisha wageni mbali. Lakini vitoto vikishaanguliwa vinachukuliwa na maji, vinaelea bahari kuu kwa wiki kadhaa, na vinaporudi mwambani huenda vikatua mbali kabisa na kwa baba yao. Kila mmoja huanza na nafasi anayoipata, pembeni mwa mashamba ya wakubwa, kwa kuwa samaki hawa hupenda kukaa kwa makundi, shamba kwa shamba, kama majirani waliogawana bonde la mpunga. Mwaka 2010 Hata na wenzake walikagua mashamba zaidi ya 300 ya samaki wakulima wa aina mbalimbali, kuanzia Misri, Kenya na Mauritius hadi Okinawa na Australia, na wakaona kwamba mwani unaolimwa si uleule kila bahari. Samaki wa aina moja hulima huku hiki na kule kile, kwa kutegemea kilichopo.

Bi_Kamba

Waaleykum salaam. Mimi ni mkulima wa mwani wa Paje, mwani wa kuuza, si wa kuliwa na samaki. Mama yangu alikuwa miongoni mwa walioanza mwaka 1989, kilimo hiki kilipoletwa hapa kwetu Paje na kule Jambiani, na mimi nilianza kufunga kamba kabla sijavunja ungo.

Nilipofika pale uliposema kuhusu kupalilia nilicheka peke yangu. Watu wanaotuona pwani maji yakitoka hufikiri kazi ni kufunga na kuvuna. Kazi iliyo nzito ni ile ya katikati: kuondoa mwani wa nyuzi unaojizungusha kwenye kamba, kupangusa uchafu uliotua juu ya miche, kung'oa majani ya bahari yaliyonasa. Usipofanya hivyo siku za bamvua mbili mfululizo, unakuta mche umefunikwa na umeoza. Kwa hiyo sisi na samaki huyo tuna adui mmoja, ila yeye analima kile tunachokitupa na anatupa kile tunachokilima. Nyuzi zile nyekundu zinazonisumbua kambani huenda kwake ndiyo mazao.

Nina maswali mawili, bwana MajiMafu. Kwanza, huyo wako anakuja kula mwani wa kwenye kamba? Kwa sababu chafi ametumaliza. Spinosam anaila, na kotoni ndiyo kabisa (ndizo aina mbili za mwani wetu wa kuuza), ingawa kotoni siku hizi imetushinda wengi kwa sababu ya maji kuwa moto na kuugua. Pili, sisi hatutii mbolea, bahari ndiyo inayotulisha. Je, yeye?

MajiMafu

Bi_Kamba, karibu sana, na uzi huu ulikuwa ukikusubiri wewe.

Kwa swali la kwanza, usimtie hatiani. Kamba zenu ziko juu ya mchanga, na yeye haachi shamba lake kwenda kutembea mchangani, kwani akigeuka nyuma atakuta limeliwa. Aidha, spinosam ni ngumu kwake. Mwizi wako ni chafi, naye ana desturi tofauti kabisa: hana mpaka, hutembea kwa makundi na kula anachokuta.

Kwa swali la pili, mbolea ipo, nayo ni kinyesi chake mwenyewe, anachokiacha ndani au pembezoni mwa shamba. Lakini kisa cha ajabu kinatoka Belize, katika Karibea, kwa ndugu yake mwingine wa jenasi hiyohiyo, Stegastes diencaeus. Huyo hufuga. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba juu ya mashamba yake huelea makundi ya kamba wadogo sana, wa ukubwa wa punje ya mchele, na samaki huwafukuza wanaotaka kuwala ila yeye mwenyewe hawali. Kinyesi cha kamba hao hurutubisha mwani ulio chini yao, na samaki wenye mifugo walionekana kuwa na afya bora kuliko wasio nayo. Mkulima mwenye mifugo, baharini. Sijawahi kuona jambo hilo kwetu, ingawa tangu nilipolisoma huwa naangalia juu ya kila shamba kabla sijaangalia chini.

MvuviWaDema

Salamu kutoka Mafia. Nimevua kwa dema na mshipi tangu nikiwa kijana, na samaki huyu namfahamu kwa sura zaidi kuliko kwa jina. Huku kwetu wote wa kimo hicho tunawaita visamaki vya mwamba, na akiingia demani hutupwa, hupewa paka, au hutiwa kwenye fungu la mwisho la watoto. Hana nyama. Labda ndiyo sababu hatujampa jina lake mwenyewe, maana kwa mvuvi jina linaanza pale bei inapoanza.

Lakini vita vyake nimeviona, na ningependa kuvieleza kwa kuwa mwanzisha uzi amegusia kufukuza tu.

Kangaja akija peke yake hana bahati. Hata awe mkubwa mara mbili, mdogo huyo anamfuata ubavuni, anamuuma mkia, na kangaja anaondoka. Pono vilevile. Lakini wapo kangaja wa rangi ya fedha wenye mistari myeusi iliyosimama, ambao hutembea kwa makundi makubwa, mia na zaidi, wakipita mwambani kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kundi hilo likishuka juu ya shamba, mwenye shamba hujaribu. Anamshambulia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakati huo thelathini wengine wameinamisha vichwa wanakula. Mara nyingine huonekana amesimama katikati yao hajui aanzie wapi. Baada ya dakika chache wanainuka pamoja na kwenda kwa jirani. Nimewaona wakipita shamba baada ya shamba hadi mwisho wa mwamba.

Hoja yangu ni hii. Makundi makubwa ya kangaja niliyokuwa nikiyaona utotoni sasa ni nadra katika maji ambayo juya la kukokota limepita kila siku kwa miaka. Pale ambapo kangaja wamebaki kumi na wawili, hawavunji shamba la mtu, wanafukuzwa mmoja mmoja. Kwa hiyo mkulima huyu, ambaye hakuna anayemvua, amebaki na mwamba wake. Sisi ndio tuliomwondolea wapinzani.

Kilindini

Hongera kwa uzi wenye maana. Nachangia kutoka Mombasa, na nitaanzia alipoishia MvuviWaDema, kwa kuwa hoja yake ina sura ya pili ambayo kwetu Kenya imechunguzwa kwa muda mrefu.

Tunazo hifadhi za baharini za zamani: Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, na ya Mombasa mwaka 1986. Kwa sababu ndani yake uvuvi umezuiwa na nje yake watu wanavua, mtafiti Tim McClanahan na wenzake walipata nafasi ya kulinganisha pande mbili za bahari moja. Walichokikuta ni kwamba nje ya hifadhi, ambako samaki aitwaye kikande amevuliwa, urchini, wale wanyama weusi wenye miiba wanaokaa mashimoni mwa mwamba, huongezeka kupita kiasi. Kikande ndiye anayewapindua na kuwavunja. Asipokuwapo, wale wa miiba hula mwani wote, kisha huuchimba mwamba wenyewe kwa meno yao.

Nalitaja hili kwa sababu mkulima wenu huwaondoa pia wanyama hao. Akimkuta mmoja ameingia shambani hung'ata mwiba wake, huvuta, husukuma, hadi amtoe nje. Anaweza kufanya hivyo kwa mmoja au wawili. Mahali ambapo wamejaa kila shimo, hawezi. Nimeogelea sehemu za nje ya hifadhi ambako kuna miiba tu na mwamba uliochubuka, na samaki mkulima haonekani kabisa. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba uvuvi siku zote humnufaisha. Inategemea nani ameondolewa kwanza: kangaja anayelila shamba, chewa anayemla mkulima mwenyewe, au kikande anayewapunguza wenye miiba.

Jambo la pili ni mwaka 1998. Waliokuwapo wanakumbuka jinsi maji yalivyopata joto na matumbawe yakageuka meupe kuanzia kwetu hadi Ushelisheli, na mengi hayakurudi. Tumbawe likifa, mifupa yake haibaki mitupu hata kidogo. Ndani ya wiki chache mwani wa nyuzi umeshaivika. Kwa samaki anayehitaji matawi ya kujificha na sakafu ya kulima, ile ilikuwa ardhi mpya kila upande, angalau hadi matawi yalipoanza kuvunjika na kuwa kokoto. Ninawasikia watu wakisema samaki huyu "ameua" matumbawe, wakati mara nyingi amehamia tu katika nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kufa kwa joto.

MajiMafu

Kilindini, nashukuru, na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila nisingependa tumsafishe kupita kiasi.

Wapo wakulima wanaoua tumbawe hai kwa makusudi. Katika Karibea yupo mmoja anayedonoa tumbawe lililo hai hadi nyama yake ife, kisha mwani huota juu ya kidonda na shamba hupanuka. Utafiti uliofanywa huko huko Karibea na kuchapishwa mwaka 2015 ulihusisha madhara ya samaki huyo na uchache wa samaki wakubwa wanaomla, jambo linalompa MvuviWaDema haki yake. Na katika Mwamba Mkuu wa Australia, mwaka 2014, watafiti waliripoti kwamba ndani ya mashamba ya wakulima wa jenasi hii kulikuwa na vijidudu vingi zaidi vinavyohusishwa na magonjwa ya matumbawe, na ule ugonjwa wa ukanda mweusi ulionekana zaidi humo kuliko nje.

Upande wa pili pia una ushahidi. Samaki huyu hachagui sana anapofukuza, kwa hiyo pamoja na wala mwani huwafukuza pia wale wanaodonoa matumbawe, na tumbawe changa lililobahatika kuota ndani ya shamba lake linaweza kukua chini ya ulinzi ambao lisingeupata nje. Kwenye mwamba wangu kuna tumbawe la matawi lenye ukubwa wa tenga, hai kabisa juu, na chini yake mashamba matano. Sina hakika lingekuwapo bila walinzi hao, na sina hakika chini yake pangekuwa pamekufa bila wao.

Ndiyo maana nimeacha kuwaambia wageni kwamba wala mwani ni wasafishaji. Sasa nawaambia kuna wafyekaji na kuna wakulima. Wafyekaji wakipungua, mwani hushinda mwamba mzima. Mkulima hashindi mwamba mzima, ila kila kipande anachokishika kinatoka katika hesabu ya wafyekaji. Ukihesabu samaki wote wala mwani kwa pamoja, ukaona idadi kubwa na kufurahi kwamba mwamba una wasafishaji wa kutosha, huenda nusu yao ni watu wanaozuia usafi.

Mtu wa Bara

Hilo la kuhesabu pamoja limenifungua macho kuliko yote. Ni sawa na kuwahesabu wachungaji na wakulima wote kama "watumiaji wa majani", kisha ukashangaa kwa nini kuna kesi kwa mtendaji wa kijiji kila wiki.

Bi_Kamba

Nimewaachia wasomi muda wa kutosha. Mimi nina ombi dogo. Bwana MajiMafu umesema spinosam ni ngumu kwake na kwamba anapalilia. Sitaki ya Okinawa, nataka ya hapa. Bamvua ijayo chukua kipande cha spinosam, urefu wa kidole, ukiweke katikati ya shamba lake utuambie alichofanya. Kama hukupata, pita kwangu nitakupa, kwa bei ya soko.

MajiMafu

Bi_Kamba na wote, narudi na jibu, na naomba radhi kwa kuchelewa. Bamvua yenyewe ilikuja na upepo, maji yakawa machafu siku mbili.

Siku ya tatu niliingia saa nne asubuhi, maji yakiwa kifuani. Nilichagua shamba lililo pembeni, ambalo mwenyewe namfahamu kwa kovu la pezi la mgongo, nikaelea juu yake bila kukanyaga chochote. Nilikuwa na vipande vinne vya spinosam na jiwe dogo la mviringo, ili nione kama anajibu mmea au anajibu kila kitu kigeni.

Kipande cha kwanza nilikiweka katikati ya zulia na kusogea nyuma hatua mbili. Alikizunguka mara moja, akakidonoa, akakiacha, akanijia mimi kwanza. Nilipotulia alirudi, akakishika kwa ncha, akakiburuta hadi ukingoni mwa shamba na kukitema upande wa mchanga. Sikuwa na saa mkononi, lakini haikufika muda wa kusoma Yasini nusu. Cha pili alikitoa haraka zaidi, kwa njia ileile, upande uleule. Cha tatu nilikisukumia kati ya matawi mawili ili kimpe shida, na kweli kilimpa: alivuta, kikakatika, akatoa nusu, akarudi kuchukua nusu iliyobaki.

Jiwe aliligonga kwa pua mara mbili na kuliacha pale pale. Hadi naondoka lilikuwa bado shambani, naye alikuwa akila mwani pembeni yake bila kulijali.

Kipande cha nne sikukiweka. Nilipokuwa nakitoa mfukoni alikuwa ameshafika mkononi, akauma ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada, nami nikakiachia. Mkondo ulikipeleka juu ya shamba la jirani. Jirani akatoka, akakipokea kabla hakijatua, akakipeleka mbele kwa jirani wa tatu, na huyo naye akatoka.

Bi_Kamba

Huyo wa tatu alikipeleka wapi?

MajiMafu

Mchangani, Bi_Kamba. Upande wa kamba zenu.